Baiskeli Ukingoni mwa Elgeyo: Gia na Vifaa Vinavyofaa kwa Mlima

Mji wa Iten uko takriban mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Barabara inayotoka hapo kupitia Tambach hadi Biretwo huteremka zaidi ya mita 1,000 kabla ya kufika kwenye sakafu ya Bonde la Kerio. Anayeshuka asubuhi kwa baiskeli atalazimika kupanda mwinuko huohuo jioni, isipokuwa apate gari la kumbebea baiskeli. Hivyo ndivyo maisha yalivyo kwa wakazi wa Elgeyo Marakwet wanaotumia baiskeli kwenda kazini, sokoni, shuleni au kwa mazoezi.

Siku hizi baiskeli za mashindano zilizotumika zinapatikana kwa urahisi madukani na kwa mafundi. Ni nyepesi, zinavutia, na nyingi bado ni nzima. Tatizo ni kwamba nyingi zilitengenezewa barabara tambarare. Mnunuzi huijaribu mjini, akafurahi, kisha akagundua kwenye kona ya kwanza ya ukingo kwamba hata gia nyepesi kuliko zote ni nzito mno. Wengine huumia magoti. Wengine hutumia pesa kununua vipuri visivyoingia. Na walio na bahati mbaya zaidi hugundua hitilafu ya breki wakati tayari wanateremka.

Makala haya yanaeleza jinsi gia zinavyofanya kazi, jinsi ya kuchagua zinazofaa mlima, na vifaa ambavyo mwendeshaji hapaswi kuvikosa.

GIA NI HESABU YA MENO

Uzito au wepesi wa gia hutokana na mambo mawili: idadi ya meno ya gurudumu la mbele lililoungana na pedali, na idadi ya meno ya gurudumu la nyuma ambalo mnyororo unalizunguka. Kadiri meno ya mbele yanavyopungua na ya nyuma yanavyoongezeka, ndivyo kukanyaga kunavyokuwa kwepesi. Baiskeli nayo husogea umbali mfupi zaidi kwa kila mzunguko wa pedali.

Mfano ni baiskeli ya mashindano ya zamani. Mbele ina gia mbili, ya meno 53 na ya meno 39. Nyuma, gia kubwa kuliko zote ina meno 25. Gia yake nyepesi kabisa basi ni 39 kwa 25. Ukigawanya 39 kwa 25 unapata takriban 1.56, maana yake gurudumu la nyuma huzunguka mara moja na nusu hivi kila pedali inapozunguka mara moja. Mzingo wa gurudumu la baiskeli ya aina hii ni kama mita 2.1. Kila mzunguko wa pedali basi humsogeza mwendeshaji karibu mita 3.3.

Kwenye mwinuko wa asilimia 7, yaani barabara inayopanda mita 7 kwa kila mita 100, mtu wa kawaida mwenye afya huenda kasi ya kilomita 8 hadi 10 kwa saa. Hii hapa ni idadi ya mizunguko ya pedali kwa dakika katika kasi ya kilomita 9 kwa saa:

• Baiskeli ya gia moja, meno 44 mbele na 18 nyuma: takriban 28
• Gia ya 39 kwa 25: takriban 46
• Gia ya 34 kwa 28: takriban 59
• Gia ya 34 kwa 32: takriban 67
• Gia ya 34 kwa 34: takriban 71

Mizunguko 46 kwa dakika ina maana kwamba kila kanyago ni zito, na uzito huo unabebwa na magoti na mgongo wa chini. Mtu anaweza kuvumilia hivyo kwa dakika tano. Kutoka Biretwo hadi Iten ni safari ya zaidi ya saa nzima kwa wengi. Mizunguko 60 hadi 80 huhamisha kazi kutoka kwenye magoti kwenda kwenye moyo na mapafu, ambavyo hupata nafuu haraka mtu akipunguza mwendo. Goti lililoumia huchukua wiki au miezi kupona.

Wapo wanaodhani kwamba gia nyepesi ni ya wanaoanza tu. Si kweli. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka wa 1985 na kujifunza mashindano ya baiskeli humu nchini kabla ya kushinda Tour de France mara nne, alijulikana kwa kuzungusha pedali haraka sana milimani. Ikiwa bingwa wa kiwango hicho hakuona aibu kutumia gia nyepesi, mkazi anayetoka sokoni hana sababu ya kuona aibu.

KIPIMO RAHISI KABLA YA KUNUNUA CHOCHOTE

Si lazima kila mtu abadilishe gia. Kipimo kifuatacho hakigharimu kitu:

Kwanza, chagua mlima unaoupanda mara kwa mara, usiopungua kilomita moja. Weka gia nyepesi kuliko zote na upande kwa mwendo wa kawaida.

Pili, ukiwa katikati ya mlima, hesabu ni mara ngapi goti la kulia linapanda kwa dakika moja.

Tatu, angalia kinachochoka kwanza. Ikiwa hesabu ni zaidi ya 60 na pumzi ndiyo inayokaza, gia inafaa. Kinachohitajika ni mazoezi. Ikiwa hesabu iko chini ya 50, na miguu inaungua huku pumzi ikiwa bado ipo, gia ni nzito kuliko mlima.

Anayetaka kujua ukali wa mwinuko anaweza kutumia ramani ya simu inayoonyesha urefu kutoka usawa wa bahari. Achukue urefu wa juu, atoe urefu wa chini, agawanye kwa umbali wa barabara, kisha azidishe kwa 100. Barabara inayopanda mita 350 katika kilomita 5 ina mwinuko wa asilimia 7. Tahadhari ni kwamba huo ni wastani. Kona za ukingoni huwa kali kuliko sehemu zilizonyooka, hasa kwa anayepita upande wa ndani wa kona.

KUBADILISHA GIA BILA KUPOTEZA PESA

Njia ya bei nafuu ni kuanzia nyuma. Seti ya gia za nyuma, ambayo mafundi wengi huiita kaseti, hubadilishwa kwa muda mfupi. Kutoka meno 25 hadi 28 mabadiliko husikika. Kutoka 25 hadi 32 ni kama kupata baiskeli nyingine. Hata hivyo, kuna mambo manne ya kukagua na fundi kabla ya kulipa.

La kwanza ni idadi ya gia. Kaseti ya gia 8 haifanyi kazi na kibadilishio cha gia 10. Hesabu gia za nyuma zilizopo na ununue idadi hiyohiyo.

La pili ni kifaa cha nyuma kinachohamisha mnyororo. Chenye mkono mfupi mara nyingi huishia kwenye gia ya meno 28 au 30. Ukilazimisha 32 au 34, magurudumu yake madogo hugusana na gia, na mnyororo unaweza kunaswa mlimani. Kwa gia hizo kubwa unahitaji chenye mkono mrefu zaidi.

La tatu ni urefu wa mnyororo. Gia ikiwa kubwa, mnyororo wa zamani huenda ukawa mfupi. Fundi huuzungusha kwenye gia kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma bila kuupitisha kwenye kifaa cha kuhamisha, kisha huongeza pingili mbili. Mnyororo mfupi ukivutwa kwenye gia kubwa zote mbili unaweza kuvunja kifaa hicho na hata spoki.

La nne linahusu gia za mbele, na hapa ndipo wengi hupoteza pesa. Mtu husikia kwamba gia ya mbele ya meno 34 inafaa mlima, akainunua peke yake, akampelekea fundi. Kumbe mikono ya pedali ya baiskeli yenye 53 na 39 kwa kawaida ina duara la bolti la milimita 130, na gia ndogo kuliko zote inayoingia hapo ni ya meno 38. Gia ya 34 huhitaji mikono ya pedali yenye duara dogo, mara nyingi milimita 110, inayouzwa pamoja na gia za 50 na 34. Ni vyema kupima kabla ya kununua.

Kwa anayenunua baiskeli kwa mara ya kwanza, ushauri ni mfupi. Atafute yenye 50 na 34 mbele, na angalau 32 nyuma. Baiskeli za zamani zenye gia tatu mbele, kwa mfano 50, 39 na 30, hudharauliwa na wanaopenda mitindo mipya na kwa hiyo huuzwa kwa bei ya chini. Kwa ukingo huu ni nzuri sana: 30 mbele na 28 nyuma ni nyepesi karibu sawa na 34 kwa 32. Baiskeli za milimani zenye tairi pana zina gia nyepesi zaidi, na zinafaa pia barabara za vumbi za vijijini, ingawa huenda polepole kwenye lami.

BAISKELI ZA KAZI ZENYE GIA MOJA

Wakazi wengi hawana baiskeli ya mashindano. Wana Black Mamba au inayofanana nayo, ya chuma, yenye keria nyuma na gia moja. Baiskeli hiyo hubeba maziwa, viazi na maembe, na si rahisi kuharibika.

Nayo pia inaweza kupunguziwa uzito wa kukanyaga. Friwili ya nyuma yenye meno 18 ikibadilishwa na ya meno 22, nguvu inayohitajika kwenye pedali hupungua kwa takriban asilimia 18. Kwenye tambarare mwendeshaji atakwenda polepole kidogo, lakini vilima vidogo vilivyomlazimisha kushuka atavipanda akiwa ameketi. Mnyororo huenda ukahitaji kuongezwa.

Kwenye ukingo wenyewe, hata hivyo, hakuna friwili itakayomwezesha mtu mwenye mzigo wa kilo 40 kupanda hadi juu kwa gia moja. Kukokota si aibu. Ni bora kufika Tambach ukiwa unaikokota baiskeli kuliko kuyumba mbele ya lori kwa kuogopa kuchekwa.

KUSHUKA NDIKO KWENYE HATARI

Waswahili husema mpanda ngazi hushuka. Anayepanda kwa gia nzito huchoka. Anayeshuka kwa breki mbovu huenda asipate nafasi ya pili.

Mtu, baiskeli na mzigo mdogo wenye jumla ya kilo 80 wakishuka mita 1,000, nishati inayotolewa inatosha kuchemsha zaidi ya lita 2 za maji. Sehemu yake huchukuliwa na upepo, na sehemu kubwa ya inayobaki huingia kwenye breki. Katika breki za raba zinazobana rimu, joto hilo huenda kwenye rimu na kufika kwenye tyubu. Anayeshikilia breki kidogo-kidogo bila kuziachia, kutoka juu hadi chini, anaweza kupasukiwa na tairi katikati ya kona. Njia salama ni kubana kwa nguvu kabla ya kona, kuachia ili rimu ipoe, kisha kubana tena. Breki zote mbili zitumike. Rimu ikiwa ya moto kiasi cha kutogusika, simama na upumzike.

Kasi nayo ina hesabu yake. Kwa kilomita 50 kwa saa, baiskeli husafiri karibu mita 21 ndani ya sekunde moja na nusu, ambayo ni muda ambao mtu huchukua kuona mbuzi barabarani na kuanza kubana breki. Kwa kilomita 30 kwa saa, umbali huo ni mita 12 na nusu. Kwenye barabara yenye kona zisizoonyesha mbele, mifugo, malori na mawe yanayoporomoka baada ya mvua, tofauti hiyo ya mita 8 ni kubwa.

Kabla ya kushuka, kagua yafuatayo:

• Raba za breki hazijaisha, na hazigusi tairi
• Waya za breki hazijachanika karibu na bolti
• Breki ikibanwa, mkono wake haufiki kwenye usukani
• Magurudumu yamekazwa na hayayumbi
• Tairi hazina mipasuko, na upepo hauzidi kiwango kilichoandikwa ubavuni
• Mzigo umefungwa na hauwezi kuingia kwenye spoki

Kwa tairi, upana wa milimita 28 hadi 32 unafaa kuliko zile nyembamba za 23, ikiwa fremu na breki zina nafasi. Hushika barabara vizuri zaidi na hazipati pancha upesi.

Mnyororo pia upimwe. Pingili 24 za mnyororo mpya zina urefu wa milimita 304.8. Zikifika milimita 307, mnyororo umelegea na unapaswa kubadilishwa. Mnyororo uliochakaa huruka meno pale mtu anaposimama kwenye pedali mlimani, na wengi hupiga kifua kwenye usukani au kuanguka kwa sababu hiyo.

MAVAZI NA VIFAA

Hewa hupoa takriban nyuzi 6 hadi 7 za selsiasi kwa kila mita 1,000 za kupanda. Anayetoka jasho likimtiririka Kerio atakuta ubaridi Iten, na anayeondoka Iten alfajiri akishuka kwa kasi atapigwa na upepo hadi vidole vigande. Vidole vilivyoganda havibani breki vizuri. Vifaa vya lazima basi ni hivi:

Helmeti. Ikae sawa kichwani, ukingo wake uwe vidole viwili juu ya nyusi, na mkanda ukazwe chini ya kidevu. Helmeti iliyowahi kugonga chini au yenye ufa isinunuliwe hata kwa bei ya kutupa, kwa sababu povu lake la ndani hukinga mara moja tu.

Jaketi nyepesi ya kuzuia upepo na glavu. Asiye na jaketi anaweza kuweka gazeti kifuani chini ya shati kabla ya kushuka; waendeshaji wametumia mbinu hiyo kwa miaka mingi.

Nguo inayoonekana. Asubuhi ukingo huwa na ukungu, na madereva hawaoni mbali. Reflekta, taa nyeupe mbele na taa nyekundu nyuma ziwashwe hata mchana ukungu unapotanda.

Viatu vyenye soli ngumu. Viatu vya kujifunga kwenye pedali si vya lazima kwa anayeanza. Kamba za viatu na miguu ya suruali vifungwe visiingie kwenye mnyororo.

Maji na chakula. Bonde la Kerio lina joto kali. Kwa mlima mzima chukua angalau lita moja na nusu. Ndizi, viazi vitamu vilivyochemshwa au maandazi hutosha kwa nguvu; kula kidogo kila nusu saa kabla njaa haijafika.

Vya kutengenezea pancha. Tyubu ya akiba, viraka na solusheni, pampu, na spana zinazoingia kwenye bolti za baiskeli husika. Kati ya Tambach na Biretwo fundi anaweza kuwa mbali.

KUTUMIA BARABARA PAMOJA

Mwendeshaji apite upande wa kushoto, mmoja nyuma ya mwingine, na asipite upande wa kulia ili kukata kona. Alfajiri kandokando ya barabara za Iten huwa na wanariadha wengi; kengele au sauti huwajulisha kwamba baiskeli inakuja nyuma yao. Mlimani, anayepanda polepole asiyumbe kutoka upande mmoja kwenda mwingine ili kupunguza ukali wa mwinuko, kwani gari linaloshuka halitarajii kumkuta katikati. Akihisi kuyumba, gia imemshinda: ashuke akokote. Madereva nao wanaombwa kuacha nafasi ya kutosha wanapompita mwendesha baiskeli, hasa mwenye mzigo.

Wazazi wanaowanunulia wanafunzi baiskeli wahakikishe mtoto anafikia ardhi kwa miguu akiwa amesimama juu ya fremu, na kwamba vidole vyake vinafikia na kubana breki. Baiskeli kubwa "atakayokua nayo" haimfai kwenye mteremko.

PA KUANZIA

Mkazi mwenye pesa kidogo aanze na breki, kisha helmeti, kisha mnyororo na tairi. Gia zifuate baada ya hapo. Gia nyepesi humfikisha mtu juu bila maumivu, lakini breki ndizo zinazomrudisha nyumbani. Aidha, kabla ya kujaribu ukingo wote, ni vyema kuanza na kipande kifupi: kushuka hadi Tambach na kupanda kurudi Iten. Atakayemaliza kipande hicho akiwa ameketi, goti likizunguka zaidi ya mara 60 kwa dakika na rimu zikigusika baada ya kushuka, atajua kwamba baiskeli yake iko tayari kwa safari ya hadi chini, na ya kurudi.